Jack Bruce: besi iliyotunga nyimbo

Cream, bendi ya roki ya Uingereza ya miaka ya 1960, ikitajwa, jina la kwanza huwa mpiga gitaa Eric Clapton, la pili Ginger Baker kwa ile solo yake ndefu ya drams. Sasa chukua albamu zao usome majina ya watunzi. "I Feel Free", "White Room", "Politician", "We're Going Wrong", "Deserted Cities of the Heart", "As You Said", pamoja na sehemu kubwa ya "Sunshine of Your Love": zote ni kazi za mpiga besi, na katika nyingi ndiye anayeimba pia. Jack Bruce alikuwa mtunzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Asiyelijua hilo husikia noti nyingi tu kwenye besi yake na kuuliza kwa nini huyu mtu hatulii.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 huko Bishopbriggs, kaskazini kidogo ya Glasgow, na jina lake kamili ni John Symon Asher Bruce. Wazazi wake walihamahama sana, wakaishi hata Amerika Kaskazini kwa muda, na mtoto akapita shule 14 hadi kumalizia Bellahouston Academy mjini Glasgow. Aliimba kwaya tangu utotoni. Kisha akapata ufadhili wa kusoma sello na utunzi katika chuo cha muziki cha Glasgow, ambacho leo kinaitwa Royal Conservatoire of Scotland. Usiku alikuwa akipiga besi kubwa ya kusimama katika bendi za jazi ili apate pesa. Chuo hakikupendezwa na jambo hilo, kikamtaka achague. Akachagua bendi, akaondoka angali kijana wa miaka kumi na kitu.

Sello ndiyo inayoeleza mengi ya baadaye. Mwanafunzi wa sello hulelewa na Bach, na katika muziki wa Bach sauti ya chini ina wimbo wake kamili: inapanda, inashuka, inajibu sauti ya juu, na wakati mwingine ndiyo inayoamua kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inayofuata. Bruce alimtaja Bach mara nyingi kama mwalimu wake mkuu wa besi, kisha akamwongeza James Jamerson, yule mpiga besi wa studio za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit. Ukiwaweka wawili hao pamoja unapata fomula yake: mstari wa Bach wenye mdundo wa Jamerson.

Alipofika London, mwaka 1962 aliingia Blues Incorporated ya Alexis Korner, bado akiwa na besi ya kusimama. Humo walikuwamo mpiga drams Charlie Watts, mpiga kinanda na saksofoni Graham Bond, Dick Heckstall-Smith wa saksofoni, na baadaye Ginger Baker akakaa kwenye drams. Mwaka 1963 Bond aliwachukua Bruce na Baker wakaanzisha kundi lao, John McLaughlin akiwa na gitaa kwa kipindi cha mwanzo, na likaja kujulikana kama Graham Bond Organisation. Ni katika miaka hiyo Bruce alipohamia gitaa la besi la umeme. Mwaka 1965 kundi hilo lilitoa albamu mbili, na mwaka huohuo Baker akamfukuza Bruce. Lalamiko lilikuwa lilelile la siku zote, kwamba besi ina noti nyingi mno. Baada ya hapo alipita kwa muda mfupi katika Bluesbreakers ya John Mayall, ambako alikutana na Clapton, kisha Manfred Mann, ambako alipiga besi kwenye "Pretty Flamingo" iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966. Nadhani Manfred Mann haikumfaa. Ni bendi ya pop iliyotaka besi ya kushikilia mahali pake, na yeye alishapita huko.

Baker alipomfuata Clapton mwaka 1966 kumpendekezea bendi mpya, Clapton aliweka sharti moja: mpiga besi awe Bruce. Kwa hiyo Cream ilizaliwa ikiwa na ugomvi ndani yake. Lakini pia ilizaliwa na nafasi tupu kubwa, kwa sababu bendi ya watu watatu isiyo na gitaa la ridhimu wala kinanda huacha pengo kila mara gitaa linapopiga solo. Pengo hilo ndilo Bruce alilolijaza.

Kwa nini gitaa fupi

Mwanzoni mwa Cream alitumia Fender VI, gitaa la besi la nyuzi sita linalopangwa E hadi E, okteva moja chini ya gitaa la kawaida. Kisha mwaka 1967 akahamia Gibson EB-3, na hiyo ndiyo sauti watu wanayoijua. Mwili wake una umbo la gitaa la Gibson SG, mti ni mahogani, pikapu kubwa (sumaku inayookota sauti ya nyuzi) imekaa mwishoni kabisa mwa ubao wa freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, ndogo iko karibu na daraja, na kuna swichi ya kuzungusha yenye nafasi 4.

Namba muhimu ni urefu wa uzi. EB-3 ina inchi 30.5, yaani sentimita 77.5 hivi, ilhali besi ya Fender Precision ina inchi 34, sentimita 86.4. Kwa uzi wa unene uleule uliopandishwa hadi noti ileile, mkazo hufuata mraba wa urefu, kwa hiyo EB-3 ina mkazo pungufu kwa karibu asilimia 20. Freti ya kwanza iko sentimita 4.35 kutoka mwanzo wa shingo, kwenye Precision ni 4.85. Matokeo yake ni mawili. Unaweza kuvuta uzi kando na kupandisha noti kama afanyavyo mpiga solo, jambo ambalo kwenye besi ndefu huumiza vidole na kupandisha noti kidogo tu. Na mkono wa kushoto hufikia noti za mbali bila kuhama. Uzi wa sello una sentimita 69 au 70, hivyo kwa mkono uliofunzwa sello EB-3 ilikuwa karibu na nyumbani kuliko Fender yoyote.

Hasara yake ni sauti kuvurugika chini. Uzi uliolegea una uwazi mdogo kwenye E ya chini, na pikapu iliyo karibu na shingo huokota zaidi sauti ya msingi na kidogo mno ya sauti za juu. Anayenunua EB-3 au nakala yake akiichomeka kwenye amplifaya iliyopandishwa besi hupata ngurumo isiyo na noti ndani yake. Bruce aliunganisha na amplifaya za Marshall za vali zenye wati 100, akafungua sauti hadi vali zikaanza kukwaruza. Ukwaruzaji huo huzalisha sauti za juu ambazo pikapu haikuzitoa, na hivyo noti inarudi kusikika. Kwa sauti ya chini nyumbani, fanya hivi: punguza kitasa cha besi hadi karibu na theluthi, pandisha sauti za kati, acha za juu katikati, kisha weka ukwaruzaji kidogo kabla ya amplifaya. Usifidie kwa kupiga kwa nguvu. Uzi mfupi ukipigwa kwa nguvu hugonga freti na noti huanza ikiwa juu kidogo ya pale inapotakiwa, kisha inashuka.

"Sunshine of Your Love" kwa vidole

Clapton alieleza kwamba rifu hii, yaani kifungu kifupi cha noti kinachorudiwa, ilitoka kwa Bruce baada ya wao kumtazama Jimi Hendrix kwenye Saville Theatre, London, Januari 1967. Bruce alikuwa akikesha na mshairi Pete Brown wakitafuta nyimbo, akashika besi ya kusimama akapiga zile noti, na Brown akaandika mstari wa kwanza kutokana na alfajiri aliyoiona dirishani. Clapton aliongeza sehemu ya kiitikio. Ilirekodiwa Mei 1967 kwenye studio za Atlantic mjini New York, mtayarishaji akiwa Felix Pappalardi na mhandisi wa sauti Tom Dowd, na mwaka 1968 ikafika nafasi ya 5 Marekani.

Rifu ina noti 10 na inachukua vipimo viwili (kipimo ni fungu la mapigo, hapa manne): D, D, C, D, A, A-bemoli, G, D ya chini, F, D ya chini. Mkao rahisi kwenye besi ya nyuzi nne uko kati ya freti ya 8 na ya 12. Uzi wa D: freti 12, 12, 10, 12. Uzi wa A: 12, 11, 10. Uzi wa E: 10. Uzi wa A: 8. Uzi wa E: 10. Ile F ya freti ya 8 ndiyo yenye roho, itikise. Wimbo ukihamia G, sogeza mkao wote uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba bila kubadili freti, maana noti za nyuzi zote za besi zimepishana kwa umbali uleule.

Umbo la ubeti ni bluzi ya vipimo 12 iliyotanuliwa kuwa 24. Rifu mara nne kwenye D, mara mbili kwenye G, mara mbili tena kwenye D, halafu vipimo 8 vya kiitikio vyenye kodi za A, C na G. Wanaokosea hapa huwa wamehesabu kipimo kimoja kwa kila rifu, na hivyo wanaingia kiitikio mapema. Kosa la pili ni la mdundo: Baker hasisitizi pigo la 2 na la 4 kama roki ya kawaida, anaegemea la 1 na la 3 kwenye tomu. Mpiga drams akiweka mkazo wa kawaida, rifu inakuwa nyepesi na inaanza kukimbia. Mwendo ni karibu mapigo 115 kwa dakika, na bendi nyingi hufika 125 kabla ya solo bila kujua.

Kuimba huku ukipiga ndiko kunakowashinda wengi. Njia inayofaa ni kuanza na rifu peke yake, mguu ukihesabu, hadi uweze kuzungumza na mtu bila kuikosea. Baadaye tamka maneno kwa mdundo wake bila kuyaimba, ukiangalia kila silabi inaangukia noti ipi. Ukipata sehemu ambapo silabi inaangukia katikati ya noti mbili, rudia hapohapo polepole, kwa mapigo 70. Melodi iwe ya mwisho kabisa. Dalili kwamba umeharakisha ni sauti yako kufuata mdundo wa vidole, yaani unaimba rifu badala ya wimbo. Bruce alikuwa na faida ya kutunga vitu vyote viwili pamoja, ndiyo maana sauti yake mara nyingi huingia pale besi inapopumua.

Nyimbo ambazo besi haionekani

"White Room" inafundisha kitu tofauti. Utangulizi wake una mapigo 5 kwa kipimo, kodi zikishuka kutoka G ndogo, F, D ndogo hadi C, na viola za Pappalardi zikiwa juu. Ubeti unarudi kwenye mapigo 4. Wanaojifunza kwa sikio huongeza pigo la sita au kukata la tano, kwa sababu noti ndefu huficha hesabu. Hesabu kwa sauti 1-2-3-4-5 hadi drams za ubeti ziingie. Baker alidai hadi mwisho kwamba wazo la mapigo matano lilikuwa lake na kwamba alistahili sehemu ya malipo. Jina lililoandikwa ni Bruce na Brown. Mgogoro huo wa malipo ya utunzi haukuisha kati yao, na ndio uliotia sumu katika mengi ya yaliyofuata.

"As You Said", kwenye albamu ya Wheels of Fire ya 1968, haina besi ya umeme wala Clapton. Ni Bruce na gitaa kavu lililopangwa kwa namna yake, sello zake mwenyewe, na Baker akigusa matoazi tu. Kwangu huu ndio wimbo unaomfunua mtunzi kuliko "Sunshine". Jaribu kufuata mstari wa sello peke yake mwanzo hadi mwisho, kisha sikiliza "We're Going Wrong" ukifuata besi. Utakuta ni mkono uleule.

Kwa upigaji wa jukwaani, nenda kwenye santuri ya pili ya albamu hiyohiyo. Imeandikwa kwamba ni ya ukumbi wa Fillmore, lakini nyimbo tatu kati ya nne zilirekodiwa ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968. "Toad" pekee ndiyo ya Fillmore. Katika "Spoonful", inayozidi dakika 16, besi na gitaa zinapiga solo kwa wakati mmoja. Katika "Crossroads", sikiliza solo ya pili ya Clapton kwa kuziba sikio lililo upande wa gitaa. Bruce hatoi msingi wa bluzi hapo, anatoa wimbo wa pili. Wapo wanaosema amezidi, na kuna dakika ambapo nakubaliana nao: bluzi inahitaji mtu mmoja ajue nyumbani ni wapi, na usiku fulani hakuna aliyejua. Clapton mwenyewe alisimulia kwamba siku moja aliacha kupiga katikati ya wimbo na wenzake hawakugundua. Onyesho la mwisho lilikuwa Royal Albert Hall, London, 26 Novemba 1968.

Baada ya Cream

Hapa ndipo wasikilizaji wengi humwacha, na hapa ndipo pana hazina. Albamu yake Songs for a Tailor ya 1969 ilipewa jina kwa heshima ya Jeannie Franklyn, mshonaji aliyekuwa akiwavalisha wanamuziki, aliyefariki mwaka huo katika ajali ya gari la bendi ya Fairport Convention. Wimbo wa kwanza una tarumbeta na saksofoni, na gitaa la George Harrison aliyeandikwa kwa jina la L'Angelo Misterioso. Ndani yake pia kuna "Theme for an Imaginary Western", ambayo kundi la Mountain, Pappalardi akiwamo, liliipiga kwenye tamasha la Woodstock Agosti 1969. Ni vizuri kuujifunza wimbo huu kwenye kinanda kabla ya besi. Bruce alitunga mengi kwenye kinanda, na kodi zake huwa na noti ya chini isiyo mzizi wa kodi (noti inayoipa kodi jina), kiasi kwamba mpiga besi anayecheza mizizi tu hulibomoa jengo lote. Andika noti ya chini ya kila kodi kwanza, uipige peke yake, uone kama inashuka kama ngazi. Ikishuka, umeipata.

Harmony Row ya 1971, iliyobeba jina la mtaa wa Glasgow, ni ngumu zaidi na, kwa masikio yangu, ndiyo kilele chake cha utunzi. Things We Like ilitoka 1970 lakini ilirekodiwa Agosti 1968 Cream ikiwa bado hai. Ni jazi isiyo na uimbaji, Bruce akiwa na besi ya kusimama pamoja na McLaughlin, Heckstall-Smith na Jon Hiseman.

Miaka hiyohiyo alipiga na Lifetime, bendi ya mpiga drams Tony Williams, akaimba kwenye Escalator Over the Hill ya Carla Bley, akapiga besi kwenye Berlin ya Lou Reed ya 1973 na akaandikwa kuwa mpiga besi kwenye wimbo unaobeba jina la albamu Apostrophe (') ya Frank Zappa ya 1974. Bendi ya West, Bruce and Laing, ya 1972 na 1973, ilikuwa na kelele nyingi na nyimbo chache nzuri, heroini ikiwa katikati yake. Uraibu huo ulimla miaka mingi.

Miaka ya 1980 alihamia besi isiyo na freti, hasa Warwick Thumb. Anayetoka kwenye freti kwenda huko hukosea jambo moja kila mara: anaweka kidole nyuma ya mstari kama alivyozoea, na noti inakuwa chini. Kwenye freti chuma ndicho kinachokata uzi, kwa hiyo kidole hukaa nyuma yake. Bila freti ni ncha ya kidole inayokata, basi ikae juu ya mstari wenyewe. Bruce hakuwa na tatizo hilo, kwani sello haikuwahi kuwa na freti.

Mwaka 2003 alipandikizwa ini baada ya kugundulika ana saratani, mwili ukalikataa mwanzoni, na nusura afe. Mei 2005 alikuwa Royal Albert Hall na Cream kwa usiku nne, akibadilishana Gibson EB-1 na Warwick isiyo na freti. Rekodi ya maonyesho hayo inafaa kwa mwanafunzi kuliko zile za 1968: sauti ni safi, mwendo umetulia, na kila noti ya besi inasikika, ukiweza kuifuata kwa vidole bila kukisia. "We're Going Wrong" ya maonyesho hayo ina besi yenye noti chache na haikosi kitu.

Silver Rails ilirekodiwa Abbey Road, ikatoka Machi 2014. Sauti ya kuimba imechakaa, utunzi haujachakaa, na bado humo mna mashairi ya Pete Brown, karibu miaka 50 tangu waanze. Bruce alifariki Suffolk, Uingereza, tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 71. Anayeanza leo na aende kwa mpangilio huu: Disraeli Gears ya 1967, santuri ya kwanza ya Wheels of Fire, Songs for a Tailor, Harmony Row, kisha Silver Rails. Santuri ya Winterland aiache hadi aweze kuifuata besi peke yake kwa dakika tano mfululizo bila kupotea.